Supu Iliyopitia Nyuma ya Ghala

Tangawizi ikianza kuchemka pamoja na mifupa ya ng'ombe, miguu yangu hupunguza mwendo yenyewe. Watoto wangu wamelizoea jambo hili na hulicheka. Nikitoka jikoni na bakuli la supu, hapa kwetu Nyasubi, yule mdogo huanza kupiga vigelegele kwa sababu, anavyosema yeye, mama anatembea kama bibi harusi anayeingia ukumbini. Ni kweli. Maji nabeba haraka, ugali nabeba haraka, lakini supu siwezi. Nanyi msinicheke kabla hamjasikia nilikojifunzia mwendo huo.

Nilizaliwa kijijini nje ya Masumbwe, mahali ambapo baiskeli ilifika kwa kubembelezwa. Mji wetu ulikuwa wa kawaida: nyumba ya matofali ya kuchoma, jiko la nje, zizi, ghala la mahindi lililosimama juu ya miguu yake ya miti, na mbele, karibu na zizi, shikome. Shikome ni moto wa wanaume. Jua likizama, mwenye mji huukoka moto huo, akakaa na watoto wake wa kiume na jirani yeyote apitaye, na chakula chao hupelekwa hapohapo. Sisi wengine tulikula jikoni na mama. Hakuna aliyeona ajabu, kwani ndivyo ilivyokuwa kwa babu na kwa baba wa babu.

Watu wasiotufahamu hudhani kwetu ni joto mwaka mzima. Waje mwezi wa saba. Mahindi yameshavunwa, mashamba yako wazi, na upepo unatoka huko unakotoka bila kizuizi, unapita kwenye nguo kama vile hukuvaa kitu. Asubuhi tulitoka nje tukikumbatia mabega yetu wenyewe, na jioni hata mbwa aliomba kuingia ndani.

Mwaka ninaousimulia, baba alirudi kutoka machimboni. Kwa miaka kadhaa alikuwa upande wa Geita akifanya kazi kwenye karasha, ile mashine inayoyasaga mawe yenye dhahabu yakawa unga. Dhahabu hatukuiona. Unga wa mawe ndio aliorudi nao, tena aliubeba kifuani. Alikohoa akiinama, akakohoa akiinuka, na kila alipomaliza alitutazama kama mtu anayeomba radhi kwa kelele. Nesi wa zahanati alimwambia mbele ya mama kwamba kifua kile kikipigwa na vumbi na baridi mwaka mwingine mmoja, asije akamlaumu yeye. Mama aliyarudia maneno hayo njia nzima ya kurudi. Nilikuwa nyuma yao nimebeba chupa za dawa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilifikiri kwamba baba anaweza kufa.

Lakini jioni ileile baba alichukua kigoda chake akaenda kuukoka moto shikome. Alikaa peke yake. Wanaume wa rika lake walikuwa bado machimboni, na mdogo wangu Maganga, mtoto wa kiume pekee mle ndani, alikuwa bado mgongoni kwa mama. Moto ulimpasha baba uso na magoti, na upepo ukamchukua mgongo wote. Jikoni tulikuwa tukisikiliza kikohozi chake, na mama akawa anasonga ugali kwa nguvu zaidi ya ule ugali ulivyohitaji.

Ugali wenyewe ulikuwa haumpiti baba kooni. Hapo ndipo supu zilipoingia nyumbani kwetu. Mama alikuwa akimpelekea maziwa Mama Zuhura, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka Ujiji, aliyeuza supu na chapati karibu na stendi ya Masumbwe. Huyo ndiye aliyemfundisha. Alimwambia supu haitaki ufundi wowote, iweke motoni na uendelee na kazi zako. Basi mama akaanza. Mifupa ya shingo iliyochemka tangu mchana, na tangawizi na kitunguu saumu vilivyopondwa kwa jiwe, na ndimu mwishoni. Siku ambazo hapakuwa na mifupa, alichemsha boga la njano, akaliponda kwa mwiko, akalilegeza kwa maziwa na unga wa karanga. Au kunde. Au dagaa wa ziwani, waliokaushwa kwanza kwenye sufuria tupu mpaka wakanukia, kisha nyanya na pilipili moja nzima isiyopasuliwa. Sijawahi kula vizuri kama mwaka ule wa ugonjwa, na nasema hivi bila aibu.

Kazi ya kupeleka bakuli ilikuwa yangu, nami niliipenda mno. Shuleni hakuna msichana aliyenipita mbio. Nililishika lile bakuli la bati lenye maua mekundu, nimelifunika kwa sahani, nikafika shikome supu ikiwa bado inatoa mvuke, na baba alikuwa akisema, "Mayu, wewe una magurudumu." Mayu ni mama kwa Kisukuma. Aliniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, Kabula, na kila aliponiita hivyo nilirefuka kidogo.

Supu ilimsaidia koo, ila kifua kilizidi. Mama alijaribu kusema moja kwa moja, mara moja tu. Nilikuwa naosha vyombo pembeni. Alimwambia ahamie jikoni mpaka baridi ipite, kwani kulikuwa na nafasi na ukuta. Baba alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

"Mama Kabula, nimerudi kutoka kule mikono mitupu," alisema. "Sasa unataka watu wakipita waukute moto wangu umezimika, na mimi nipo jikoni nakuhesabia vyungu?"

Mama yangu akinyamaza, jueni kuna jambo linapikwa.

Jioni ya pili yake alinimiminia supu kwenye bakuli, akaondoa ile sahani ya kufunikia, akaniambia nipitie nyuma ya ghala, nisimame pale kidogo, ndipo niipeleke. Nilimwambia itapoa. Akasema anajua. Nikauliza baba akiniuliza niseme nini, akasema niseme nilikuwa natembea taratibu nisimwage. Halafu akageukia jiko lake, na mgongo wake ukaniambia maswali yamekwisha.

Basi nikawa nasimama nyuma ya ghala. Mwanzoni bakuli lilinichoma viganja, kisha likawa na joto zuri, kisha likawa bati tu. Sweta langu lilikuwa limeshakuwa la Maganga, nami nilikuwa na gauni la shule na kanga kuukuu ya mama, ambayo upepo uliichezea ulivyotaka. Nilitazama mafuta yakiganda juu ya supu, ngozi nyeupe nyembamba ikianzia pembeni na kukutana katikati. Hapo ndipo nilipojua sasa imekuwa tayari, yaani imeharibika, na nikaipeleka.

Baba siku ya kwanza alikunywa kimya. Siku iliyofuata aliniuliza kama nimeumia mguu. Baadaye akaacha kusema nina magurudumu. Jirani mmoja mzee aliyekuja kuulizia ng'ombe wake aliliona lile bakuli likija polepole, akasema mtoto huyu ni kobe, na baba hakunitetea. Jina likanikaa mpaka shuleni. Mimi, niliyekuwa nikiwaacha wenzangu nyuma tangu mwembeni mpaka kisimani, nikaitwa Kobe. Nililia jikoni, nikamwambia mama anamnyima baba supu nzuri na baba anadhani ni mimi. Mama alinifuta uso kwa upindo wa kanga, akasema supu ya moto ipo hapa hapa jikoni kwa yeyote anayeitaka. Alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliye karibu naye vile. Nilimchukia kidogo jioni ile, nami sikuwa nimezoea kumchukia mama.

Kisha ikaja jioni ambayo upepo ulikuwa mbaya kuliko zote. Vumbi lilikuwa likipita uwanjani kama watu wanaokimbia. Nilisimama nyuma ya ghala na bakuli langu, nimeegemea mguu mmoja wa ghala, meno yanagongana, nikisubiri ile ngozi ya mafuta ikutane katikati. Nikachungulia. Baba alikuwa amesimama. Alichukua kigoda chake kwa mkono mmoja, akavuka uwanja wote bila kugeuka kushoto wala kulia, akaenda jikoni.

Nilikimbia nikamfuata, supu ikinimwagikia mikononi, nikiwa na hakika kwamba mimi na mama tumekamatwa. Nilimkuta ameweka kigoda mlangoni, nusu yake ndani na nusu nje, ili anayepita aone ni mtu aliyesimama kuuliza jambo tu.

"Nipe hapa hapa, Mama Kabula," alisema. "Huyu kobe wenu atanilaza njaa."

Mama alimmiminia. Uso wake haukuonyesha kitu, na bado namstahi kwa uso ule. Baba alikunywa kwa mkupuo mmoja, akavua koti lake, lile koti zito la machimboni lililonukia moshi na unga wa mawe, akanitupia. Alisema joto la jikoni linamchosha, nimshikie. Nilijifunika nalo mpaka masikioni. Nilifikiri, maskini baba, kumbe jikoni kuna joto hivyo.

Siku zilizofuata kigoda kiliingia ndani kidogo kidogo, mpaka mgongo wa baba ukafika ukutani. Mama alianza kutumia mkaa, anasa ya watu wa mjini, ili moshi wa kuni usimkere kifua. Na jambo moja alilifanya ambalo nililiona la kipuuzi: kila jioni alinituma kuukoka moto shikome, na kuuongezea kuni, ingawa hapakuwa na mtu wa kuuota. Wapita njia waliona moto unawaka, wakajua mwenye mji yupo. Nilikuwa mtu mzima, nina mume wangu mwenye mambo yake, nilipouelewa moto ule.

Baridi ilipita na baba hakufa. Kifua hakikupona kabisa, lakini kilitulia, na kigoda hakikurudi nje. Tukagundua kuwa baba anajua kusimulia, kwamba hapendi vichwa vya dagaa, na kwamba akishiba huimba puani. Maganga alijifunza kutembea akishikilia magoti yake. Sikuwa najua kabla ya hapo kwamba mtu anaweza kuishi na baba yake na asimsikie akicheka.

Kisa hiki mama ndiye mwenye kukisimulia. Amekisimulia kwenye harusi, kwenye misiba, na kwa kila mkwe aliyeingia katika ukoo wetu: jinsi alivyomhamisha mwanaume mbishi kwa supu iliyopoa. Baba husikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu aliyeshindwa kihalali.

Mwezi wa saba huu walikuja kwangu, kwa kuwa baba alitakiwa kupimwa kifua mjini. Jioni mama alikuwa jikoni na majirani zangu wawili, mifupa inachemka, na kisa kimeshafika kwenye kobe. Mimi nilikuwa nimetoka kumwangalia baba barazani. Alikuwa amejifunika blanketi, anasikiliza kupitia dirishani. Wale kina mama walipopasuka kwa kicheko, naye akatabasamu.

Nikamwambia baba kwamba mama alimweza kweli.

"Mama yako ana akili sana," alisema. Alikohoa, akajipangusa mdomo bila haraka. "Ila supu ya baridi ningeinywa mpaka masika. Machimboni nilikunywa mbaya zaidi." Akavuta blanketi. "Nyuma ya ghala panaonekana, mayu. Ghala lina miguu. Kutoka shikome niliiona miguu yako chini yake, kila jioni. Siku ile ilikuwa inatetemeka."

Nikalikumbuka lile koti.

"Usimwambie," alisema. "Amekipenda sana kisa chake."

Sijamwambia, nanyi mkikutana naye msimwambie. Miaka yote hii nilidhani nilikuwa chombo tu katika mashindano ya wakubwa wawili, mtoto wa kubeba bakuli ambaye hakuna aliyemwangalia. Kumbe baba, ambaye hakuogopa kufa kwa ajili ya moto wake, aliuacha kwa ajili ya miguu yangu miwili. Akakubali kuitwa mshinde maisha yake yote, mbele ya wakwe, ili mama asijue kwamba mwanawe alikuwa akiganda nje kwa kutumwa na yeye.

Nikaingia jikoni. Nikapita katikati ya kicheko chao, nikachota supu kutoka chini ya sufuria, pale inapochemka, nikatoka nayo. Watoto wangu waliniona nikipita nao wakanyamaza, kwa sababu nilikuwa nakimbia. Ilinimwagikia kidole gumba na sikupunguza mwendo.

Baba alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Mvuke ulimpanda usoni, akafumba macho.

"Leo imefika ya moto," alisema.