Huile nzito ndani ya 504

Leo asubui nimemutuma mufundi wangu atie huile nzito (mafuta ya injini) ndani ya moteur ya gari yangu yenye imechakaa, ili isitoe moshi mbele ya mununuzi.

Ile gari, Peugeot 504 yangu ya zamani, inakunywa litre mbili za huile toka Butembo mupaka Beni. Kilometa makumi tano na kitu tu, muhesabu wenyewe.

Paluku, ule mufundi, aliniambia tangu zamani: "Mama, tufungule moteur, tuitengeneze upya."

Nikakataa. Mimi walinidanganya siku nilinunua, donc nikawaza ni zamu yangu. (Ndiyo, njo vile niliwaza.)

Mununuzi akafika: mwalimu wa Kisangani, walimutuma kufundisha Oicha, mbele ya Beni. Nikawasha. Moshi hakuna.

Mais mwalimu hakuangalia hata moteur. Aliangalia viti vya nyuma.

"Bibi yangu na batoto betu bane, bataenea hapa," akasema. Kisha akamugeukia Paluku: "Mufundi, itatufikisha Oicha bila kusimama njiani?"

Munajua ile barabara. Kule watu wa silaha wanavizia magari, mutu hasimamake.

Paluku akaniangalia.

Nikasema: "Mwalimu, haitafika."

"Mama, ulijua?"

"Nilijua."

Akaenda zake kwa miguu, hata kuniaga hapana.

Sasa moteur iko chini juu ya bâche, ile turubai, vipande vipande. Tunaitengeneza. Nilimuuliza Paluku kama nimusaidie kusafisha.

"Mama, ukae tu," akanijibu bila kuniangalia.

Semeni yenye munawaza. Nitasoma yote.