Binti wa Mama Vicheko

Watoto wa shule walimwita Mama Vicheko. Akiingia darasani na mkoba wake wa vitabu, walianza kucheka kabla hajafungua mdomo. Mimi niliyempigia chapa miswada yake miaka ishirini na mmoja, vicheko vyake mwenyewe naweza kuvihesabu.

Aliishi vyumba viwili juu ya duka la vioo. Mumewe alifariki binti yao akiwa bado ananyonya, na tangu hapo zikawapo siku ambazo mama huyo alilala kaukabili ukuta asubuhi hadi jioni, madirisha yamefungwa. Dada yake mkubwa alikuja na bakuli la uji, akagonga weee, mwisho akaingia kwa nguvu.

"Amka, mdogo wangu. Mtoto huyu hana mwingine."

Akiamka, aliandika. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yake.

Kitabu kilichompa jina kilimhusu msichana mwenye kigugumizi anayetumwa sabuni dukani. Kila akisema "sa-sa", muuza duka anamletea kitu: sahani, samli, sanduku! Nilikichapa nikicheka hata nikaruka mistari. Sikujua kwamba msichana yule alikuwepo, chumba cha pili, ana miaka tisa, na kwamba kisa kile kilimtokea kweli, akarudi nyumbani analia.

Mwalimu alipokisoma kwa sauti, darasa zima lilimgeukia binti. Baada ya hapo hata mlinzi wa lango akawa anamsalimu, "Sa-sa-sabuni, hujambo?" Binti hakumlaumu mama yake. Alinyamaza tu. Shuleni alijibu kwa kichwa; nyumbani alichotaka alikiandika kwenye karatasi.

Mama alipong'amua, alikuja ofisini kwetu anahema. Mchapishaji alikuwa anakunywa chai.

"Kiondoe sokoni, bosi. Nakuomba."

"Kitabu kinachopendwa hivi? Watoto hutaniana, mama. Wakikua husahau."

"Wangu hajasahau."

"Basi andika kingine, msichana apone kigugumizi."

Alitoka bila kuaga. Nami nilikuwa pale pale, mikono juu ya mashine, sikutia neno. Najuta mpaka leo.

Binti alipotimiza miaka kumi na minane alihamia mji mwingine, akawa fundi wa kushona sare za wauguzi. Barua hakuleta. Mama akaendelea kuandika, vitabu kumi na vinne, vyote vya kuvunja mbavu, na kila kimoja kikifuatwa na majuma ya madirisha kufungwa. Nikienda kumpa pole, alinikatiza: "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

Mwaka mmoja mimi na dada yake tulimsindikiza kwa binti. Tulimkuta katikati ya vitambaa vyeupe. Alitupa viti, akatupa maji ya kunywa, adabu zote.

"Nisamehe, mwanangu," mama alisema. "Kile kigugumizi kilikuwa kinakuliza. Nilidhani tukikicheka kitakuwa kitu kidogo."

Binti aliweka mkasi chini.

"Ki-kilikuwa kidogo, mama. We-wewe ndiye uliyekikuza."

Kisha akarudi kwenye cherehani. Hakufukuza mtu, wala hakugeuka tena. Tulikaa mpaka maji yakaisha kwenye bilauri, ndipo dada mtu akamshika mdogo wake bega, tukaondoka. 

Mama moyo ulimsimama miaka miwili baadaye, akiwa kitandani. Mazikoni wanafunzi walijipanga safu kwa safu. Mchapishaji akasoma ule ukurasa wa dukani, watu wakacheka huku wakifuta machozi. Binti alikuwa nyuma, kando yangu, macho makavu. Mwalimu mmoja mgeni alimpa mkono.

"Una bahati, dada. Kulelewa na mama mcheshi namna hii!"

Binti aliupokea mkono.

"A-asante," alisema.

Akamshika mkono mama yake mkubwa, wakatoka langoni hotuba zikiwa bado zinaendelea.