Dawa ya Kikohozi ya Babu

Jamani, nilimwibia mwalimu wetu wiski, nikaikoroga kikombeni nyumbani na asali na ndimu, nionje raha ya maofisa wa Garissa. Kabla sijaonja, mama akanituma kuteka maji. Kurudi, namkuta babu, imamu wetu, ameshamaliza kikombe! Mama alisikia harufu ya asali na ndimu, akadhani nimemtengenezea babu dawa ya kikohozi, akampa.

"Wallahi, kifua kimefunguka!" babu akanisifu. "Kesho utengeneze ya msikiti mzima."

Mara askari wakaingia kusaka bunduki za waasi wa shifta. Mmoja akainua godoro langu, akatoa chupa niliyoificha.

"Bunduki hakuna, mzee. Lakini hii wiski ni ya nani?"

Babu akaichukua ile chupa, akainusa. Kisha, taratibu, akakinusa kikombe chake.