Mbwa Aliyezoea Sementi

Nyinyi vijana mnaofuga mbwa ndani ya nyumba, mnamlaza kwenye zulia na kumwita mwanangu, kaeni niwaambie. Mimi darasa la nne sikumaliza, na haya nayaandika polepole, nikikwama namsubiri mjukuu aje likizo anisahihishie. Lakini mbwa nimemfundisha, tena mbwa mzee, tena peke yangu. Mwanzo nilimkosea, na hapo nilipomkosea ndipo nataka mpaone.

Kwetu huku Kilolo mbwa hafundishwi haja. Analala nje, anazaa nje, watoto wake wakianza kutembea wanamfuata mama yao migombani, imekwisha. Mtu angesema leo namfundisha mbwa kwenda choo, angechekwa mpaka kanisani.

Binti yangu wa mwisho alikuwa anakaa Mbeya mjini. Kazini wakampa uhamisho, na huko alikokwenda akapata nyumba ya ghorofa ambayo mwenye nyumba hataki mbwa. Baada ya Pasaka akaja na gari. Nyuma walikaa mbwa jike wa miaka saba na kitoto chake kimoja kilichokosa mtu wa kukichukua.

"Mama, watakuchangamsha," akasema.

"Mimi nimekuambia nimenyong'onyea?"

"Hujasema, mama."

Akalala siku moja, akaondoka.

Mume wangu, baba wa wanangu, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, mwezi wa nane. Nilizaa watano, nyumba ina vyumba sita, na mtu ndani ni mmoja. Nilikuwa nasonga ugali wa mtu mmoja na kila siku unabaki. Simu inaita Jumapili. Wa Chunya anauliza mvua, wa Dar anauliza presha, mimi nasema nzuri, nzuri, basi simu inakatika na redio naizima, maana inaongea kama vile kuna watu. Kwa hiyo mbwa wale nilisema hawaingii ndani, lakini juma la kwanza tu baridi ilipoanza nikawafungulia mlango wa jikoni. Msinicheke. Nilitaka kusikia kitu kinapumua.

Kitoto hakikunipa taabu. Kikiamka nakitoa nje, kikila nakitoa nje, kikianza kunusanusa na kuzunguka nakibeba mbio. Kikimaliza nakiambia vizuri, nakipa ukoko. Wiki tatu kikajua mlango. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akakipenda, nikampa akalinde nguruwe wake.

Nikabaki na yule mama. Jina alilopewa Mbeya ni la Kizungu, ulimi wangu ulikataa. Nilimwita Wewe.

Wewe alikuwa anakojoa sebuleni. Kila asubuhi nakuta dimbwi kwenye sakafu ya sementi, pembeni na lingine. Nikafanya kama nilivyoona wanaume wakifanya zamani. Nikamshika shingo, nikamsukuma pua kwenye mkojo, nikamchapa kwa ufito. Mara ya pili nikamchapa zaidi. Hakupiga kelele. Alinitazama tu, tangu siku hiyo akawa anakojoa nyuma ya kochi nisione. Hilo ndilo nililomfundisha mimi kwa fimbo yangu, kujificha. Nikamfungia nje mchana kutwa, usiku analala jikoni kwenye sakafu ya udongo. Sebule ikakauka. Nikajisifu.

Siku ya nne shemeji akaja na kopo lake la ulanzi, pombe ya mianzi, nikiwa nachambua maharage jikoni. Nikasikia anaita.

"Shemeji! Toka! Njoo uone mgeni wako anavyomsalimia kaka yangu!"

Kaburi la mume wangu liko kando ya nyumba, watoto walilijengea kwa sementi na kuliweka marumaru nyeupe. Wewe alikuwa juu yake, katikati, amechuchumaa. Shemeji akamrushia kopo lenye ulanzi wote, akamkosa, ulanzi nao ukamwagika kaburini.

"Huyu marehemu alikukosea nini?" akaniuliza.

"Ni mnyama, shemeji. Hajui."

"Hajui? Shamba lote hili, migomba yote, achague hapo? Mbwa huyu ametumwa."

"Ametumwa na nani? Na mwanangu?"

Akaenda kuokota kopo lake. Akasema ibada ya kumaliza mwaka wa marehemu inakuja, ukoo wote utakuwepo. "Siku hiyo nikimwona hapo tena, namaliza mwenyewe kwa panga. Usinililie."

Nilijua atafanya. Si mtu mbaya, alimpenda kaka yake. Na mimi kama ningekuwa na wengine ndani, ningesema haya, mchukue hata leo. Lakini nilikuwa sina.

Nikaanza kumpeleka migombani kwa kamba, alfajiri, nimejifunga blanketi, ukungu umelala chini huoni miguu yako. Anatembea ameinua nyayo kama anakanyaga makaa. Nasimama, nasimama. Hafanyi kitu. Narudi nimeganda vidole, nikigeuka kuwasha moto, yuko kaburini. Basi nachukua ndoo, sabuni na brashi, naosha. Nikasema kwa sauti, baba, nisamehe, ni huyu mbwa wa mwanao. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea pale tangu tumzike. Sikuwa napita upande huo, kuni zenyewe nilizihamisha nisipite. Sasa nikawa naosha kila siku, na kila siku napata neno la kumwambia, mahindi yamevunwa, kuku amekufa, mwanao wa Dar anauliza presha.

Jirani yangu akaja kuomba chumvi, akanikuta naburuta mbwa.

"Mwenzangu, huyo wa mjini. Mtafutie choo cha kuvuta maji."

Alicheka mwenyewe mpaka akajishika kiuno. Mimi sikucheka, nikawa nakiwaza kile choo cha kuvuta maji. Nilipokwenda Mbeya mara ya kwanza kwa binti yangu, choo kilikuwa ndani, ukuta kwa ukuta na jiko. Unakaa humo unasikia watu wanakaanga vitunguu. Nilishindwa. Siku mbili nzima sikuweza, tumbo limekuwa ngoma, binti ananiuliza mama unaumwa, namwambia ni safari. Siku ya tatu nikatoka nje ya geti nikatafuta kichaka, Mbeya mjini, mtu mzima. Hakuna fimbo ambayo ingenifungua humo ndani. Mwili wangu haukujua kwamba pale panafaa.

Nikaukumbuka na uwanja wa binti yangu. Wote sementi. Kutoka mlangoni mpaka ukutani hakuna jani, na kila asubuhi dada wa kazi anamwagia maji. Wewe alizaliwa hapo, akakua hapo, miaka saba. Udongo hakuujua kuwa ni mahali pa haja. Nikazunguka uwanja wangu kwa macho. Sementi ilikuwa wapi? Sebuleni, nilikomchapa. Na kaburini, marumaru ngumu vilevile. Kwingine kote ni udongo na majani.

Hakutumwa na mtu, maskini. Alikuwa anatafuta choo.

Nyuma ya jiko kulikuwa na kipande cha zege cha choo chetu cha zamani, kipana kama meza ndogo. Nikakilaza juu ya gunia, nikakiburuta mpaka ukingo wa migomba. Siku nzima iliishia hapo, na mgongo uliniambia. Nikachukua tambara nililofutia mkojo wake kaburini asubuhi ile, nikalikamulia juu ya zege. Kaburi nikalifunika kwa matawi ya miiba. Asubuhi nikampeleka kwa kamba, nikasimama, nikatazama pembeni, maana na mimi nisingependa kutazamwa. Siku ya kwanza alinusa tu. Siku ya pili vilevile. Ya tatu akapanda juu ya zege, akazunguka, akakojoa kirefu, kama bomba. Nilimpa ukoko wote wa sufuria. Ufito niliutia motoni siku hiyo.

Baada ya hapo kila siku mbili nikawa namwaga konzi ya udongo juu ya lile zege. Kidogo, asigutuke. Konzi ikawa mbili, ikawa koleo. Siku nyingine alikataa, nikapunguza, nikaanza tena. Mwezi wa saba zege lilikuwa halionekani, na yeye akawa anatoka nje ya kipande chenyewe, anachimba kidogo, anajisaidia kwenye udongo kama mbwa wa kwetu. Alianza pia kuniomba. Akibanwa anakuja kusimama mbele yangu na kunitazama usoni, kimya.

Niliondoa miiba kaburini. Asubuhi nikaja na ndoo yangu na brashi, nikakuta marumaru kavu, safi. Nilisimama pale na ndoo. Nilitafuta cha kumwambia, nikakosa. Maji nikayamwagia mchicha.

Siku ya ibada walikuja wengi. Watoto wote watano, wajukuu, wa ukoo kutoka Mafinga na Iringa mjini. Shemeji alikuja na panga kiunoni, akasema ni la kukatia kuni. Wanawake wakaweka mafiga ya pilau pale pale migombani, juu ya mahali pa Wewe, moto mkubwa, watoto wanakimbia. Sikuliona hilo mapema, nilikuwa nasalimia watu.

Mwinjilisti alisimama kando ya kaburi. Mimi nimekaa kiti cha mbele, nguo nyeupe, mabinti huku na huku. Tulikuwa tumefika kwenye maombi, vichwa chini, nikahisi pumzi kwenye magoti. Nikafungua macho. Wewe amesimama mbele yangu, ananitazama. Nyuma yake hatua tatu tu ni kaburi. Shemeji naye hakuwa amefumba macho.

Nikainuka.

"Mama, kaa," binti yangu akaninong'oneza. "Mama, watu."

Nikashika ngozi ya shingo ya mbwa, nikatoka naye katikati ya viti, mwinjilisti anaomba. Nilisikia miguno. Migombani hapakufaa, nikampitisha kwenye moshi wa pilau, tukatokea shamba la mahindi yaliyovunwa, ambako hakuwahi kufika. Udongo mtupu na mabua. Nikamwachia. Akazunguka mara moja, akachuchumaa.

Nilipogeuka shemeji alikuwa nyuma yangu. Alikuwa ametufuata.

"Shemeji, umeacha ibada ya mume wako kwa ajili ya mbwa?"

"Nimeiacha kwa ajili ya kaburi."

Alimtazama mbwa anavyofukia kwa miguu ya nyuma, udongo unaruka mpaka kwenye viatu vyake vya kanisani.

"Na kule kwangu yule mtoto wake anajua hivi?"

"Anajua kuliko wewe. Twende, wanamaliza."

Panga lile alikwenda kukatia kuni kweli.

Watoto wangu walikaa siku tatu. Siku ya pili wakawa wanasukumana, mbwa amesimama mbele ya huyu, huyu anasema mtoe wewe, yule yuko kwenye simu yake. Nikapiga sufuria kwa mwiko mpaka wakanyamaza wote. Nikawaambia: "Katika nyumba hii, mbwa akisimama mbele yako akakutazama, wewe ndiye unayeinuka. Unakula, inuka. Unaongea na simu, inuka. Unasali, inuka umtoe, halafu urudi umalizie."