Gurudumu la kaburi la baba

Leo kaburi la baba limepotea, na aliyelipoteza ni mtu anayenipenda.

Baba alikuwa tarishi wa shamba la mkonge huko Hale, enzi za Mwingereza. Alifia kwenye pikipiki ya shamba. Mama hakuwa na jiwe la kuweka, akasimika kaburini gurudumu la mbele la pikipiki ile. Muda si mrefu tukatolewa kwenye nyumba ya kambi, tukahamia mbali, mimi nikiwa bado mdogo.

Asubuhi nimeshuka Korogwe. Mpwa wangu Rama, fundi pikipiki wa Manundu, amenipokea akicheka.

"Shikamoo mjomba! Njoo uone zawadi yako."

Gurudumu la baba lilikuwa juu ya meza yake. Amepiga msasa spoki moja moja, akapaka rangi ya kuzuia kutu, kisha ya fedha.

"Hata masika ije, kutu hailigusi tena!"

(Kazi safi. Nasema kweli.)

"Ulilitoa lini kaburini?"

"Kabla ya mvua, mjomba."

Tukaenda Hale kulirudisha.

Nyasi zilitufika kiunoni. Makaburi ya manamba, vibarua wa mkonge, yote yamelingana na ardhi. Rama akasimama hapa, akasogea pale, akarudi. Mwishowe akakaa chini.

"Mjomba, uliweka alama gani?" nikamwuliza, maana mjomba naye humwita hivyo mpwa wake anapomtania.

Hakucheka.

"Sikuweka. Nilidhani nitapakumbuka."

Tumerudi nalo Manundu. Limeegemea ukuta, linang'aa.

Mliokulia kambi ile: lilikuwa limesimama karibu na nini?