Aliyempikia Simbilisi

Kwa Andati, pale Ekero, mboga haikatwi kimyakimya. Kisu kikigusa tu ubao, mluzi unaanza jikoni, mwembamba na mrefu, unaopanda mwishoni kama swali. Wanaoupiga ni simbilisi wawili, vinyama vidogo visivyo na mkia, dada wa tumbo moja, wanaoishi katika sanduku la mbao mbali kidogo na moto. Mmoja anaitwa Kitambi. Ni mnene, na manyoya yake yana rangi ya chai ya maziwa. Mwingine ni Mshale, mwembamba, hashikiki. Majina hayo walipewa na Zipporah, aliyekuwa mke wa Andati.

Miaka mingi Andati aliendesha trekta la kuvuta miwa. Aliondoka umande haujakauka, akarudi na masizi ya miwa iliyochomwa kwenye kope. Simbilisi walikuwa wa Zipporah. Andati aliwajua kwa sauti tu, kama mtu anavyowajua watoto wa jirani. Halafu Zipporah akafa. Mazishi yakaisha, hema zikang'olewa uani, binti yao Gentrix akarudi kazini Nairobi. Nyumba ikabaki na mzee mmoja na midomo miwili ya kulishwa.

Kula peke yake kulimshinda. Obusuma, ugali wa kwao, aliousonga mwenyewe uligeuka udongo kinywani. Basi akaanza kupika mboga ya watatu: mchicha, sukuma wiki, siku nyingine majani ya kunde. Alichemsha mpaka zikalainika kabisa, akatoa fungu la simbilisi kabla ya kutia chumvi, akalipoza kwa kulipepea na kifuniko cha sufuria. Yeye alikaa kwenye kigoda, wao wakawa chini miguuni pake. Hivyo ndivyo alivyoweza kumeza tena.

Kitambi alikula. Mshale alinusa, akageuka, akachomoka mlangoni kwenda kung'ata nyasi mbichi chini ya mgomba, pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo.

"Mtazame dadako," Andati alimwambia. "Anakula na wenzake kama mtu. Wewe hata shukrani huna."

Kisha Januari ikaja na jua lake, na Kitambi akaanza kufifia. Manyoya yakasimama, yakakosa mng'ao. Akaacha kutembea, akawa anakaa kwenye kona amejikunja. Kisu kilipogusa ubao, Mshale alipiga mluzi peke yake. Andati alipomwinua, Kitambi alilia kwa ukali kiasi kwamba mzee alimrudisha chini upesi na kuuficha mkono nyuma, kama aliyeiba. Akadhani ameelewa. Mkono anaoutaka mnyama huyu si huu.

Akaogopa. Kitambi ndiye aliyelala mapajani mwa Zipporah wiki zake za mwisho. Akifa, Andati aliwaza, nitakuwa nimeshindwa na kitu kidogo kuliko vyote nilivyoachiwa. Akazidisha mapishi. Mboga akaichemsha zaidi, akaiponda kwa kijiko.

Hivyo ndivyo Edah alivyomkuta asubuhi moja. Edah ni jirani, mama yake Sammy, na alikuwa amekuja kuazima jembe.

"Hodi, Baba Gentrix. Kuna mgonjwa humu?"

"Yupo. Yule pale."

Edah akaangalia sanduku, akaangalia kijiko, akaangalia sufuria.

"Unampikia simbilisi?"

"Kwani asile?"

"Ale. Na maji ya kunawa umemwekea?"

"Cheka tu, Mama Sammy. Huyu anakufa."

Edah akaacha kucheka. Yeye hufuga sungura, na aliwahi kwenda Bukura kwa mafunzo ya wafugaji. Akapiga magoti, akaugusa mguu wa nyuma wa Kitambi kwa ncha ya kidole. Kitambi akalia.

"Umesikia?" Andati alisema. "Hata mimi hunililianga hivyo. Tangu Zipporah aende, hanitaki."

"Basi hata mimi hanitaki, na hatujawahi kukosana. Lete mkono. Hapa. Unasikia nini?"

Andati akagusa kwa woga. Goti lilikuwa limevimba, lina joto.

"Hakulilii wewe," Edah alisema. "Analilia goti."

 Mzee akakaa chini sakafuni.

"Anakula nini?" Edah alimwuliza.

Akaeleza yote, sufuria na kijiko na kifuniko cha kupepea. "Na huyu mwingine?" Edah akauliza.

"Huyo hana adabu. Hukimbilianga nyasi mbichi nje. Na ona vile ana nguvu..."  Akayasikia maneno yake mwenyewe.

"Sungura wangu hujitengenezea vitamini C mwilini," Edah alisema. "Simbilisi hawezi, sawa na sisi. Lazima aile kila siku, ndani ya kitu kibichi. Ukichemsha hivyo, unamwaga karibu yote. Wewe mwenyewe si hulanga mapera?"

"Nakula."

"Sasa huyu wa sufuria anaipata wapi?"

"Nimekuwa nikimuua na kijiko, Mama Sammy."

"Ulikuwa unakula naye," Edah alisema. "Nenda utafute pera lililoiva. Mimi nampigia daktari wa mifugo."

Daktari alikuja akaleta matone ya vitamini, akasema wamewahi. Andati alikata pera vipande vidogo kama kucha. Mara ya kwanza Kitambi alilamba tu. Mara ya pili alitafuna. Baadaye alitoka kwenye kona, akachechemea mpaka kizingitini, akaungana na Mshale kwenye nyasi. Mzee akakaa karibu kuwalinda, akitazama kwa makini kuliko alivyowahi kutazama barabara. Aliona kwamba mwewe akipita juu hugeuka mawe wote wawili. Ule si ukaidi, ni hofu. Aliona kwamba Kitambi akigonganisha meno, anamwambia Mshale asiguse pera lake. Siku alipomsikia akigonganisha meno, Andati alicheka mpaka akafuta macho.

Mchana mmoja alikuwa akikata sukuma wiki. Mshale akapiga mluzi. Chini ya mluzi ule ukapanda mwingine, wenye kukwaruza kidogo, kama mlango ambao haujafunguliwa muda mrefu. Kisu kikasimama. Andati alisikiliza mpaka ukaisha, kisha akakata tena ili uanze upya. Alikata mboga nyingi kuliko alivyohitaji.

Halafu akainama, akapitisha mkono mmoja chini ya kifua cha Kitambi na mwingine chini ya makalio, akamwinua. Alikuwa amejikaza akingoja kilio. Hakikuja. Kitambi alijiweka mapajani, akazunguka kidogo kutafuta mahali pazuri, akatoa mngurumo wa chini ambao Andati aliuhisi kwenye paja kabla ya kuusikia.

Obusuma ulikuwa umepoa. Kitambi akaanza kutafuna jani bichi kutoka ncha, na mzee, kwa mkono uliokuwa huru, akamega tonge.