Tawi barabarani na viti vya Panda

Watu walikuja kulia msiba wetu bila kuitwa, na hapakuwa na maiti.

Hata wao hawakujua wanamlilia nani.

Na mimi, ambaye naogopa hata kumuuliza muuzaji bei ya makala, makaa ya kupikia, ndiye niliyeulizwa mbele ya wote: "Ni nani alikufa?"

Naandika kwa sababu kuandika kunanishinda kidogo, lakini kuongea kunanishinda kabisa. Mnivumilie.

Tunakaa Panda, hapa Likasi, kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi. Mama anasema zamani hazikuwa na kuta. Mwanamke alimwomba jirani chumvi akiwa amesimama jikoni kwake.

Siku hizi kila mtu amejenga ukuta na kupanga vipande vya chupa juu yake. Unaweza kuugua mpaka ukapona, jirani asijue.

Ndiyo maana aliletwa Placide, kijana kutoka Lubumbashi, kazi yake ni kuchora viwanja vya watu. Alipewa uwanja mtupu karibu na bomba lililokauka. Akaambiwa atengeneze mahali ambapo watu watakutana tena.

Placide ana moyo mzuri. Alijenga viti vya saruji kwa duara, vinatazamana, ili watu waonane uso kwa uso. Katikati akaweka mahali pa moto, kwa ajili ya baridi ya mwezi wa sita.

Jamani.

Viti kwa duara. Moto nje, katikati.

Kwetu hiyo ni nini? Ni kilio, mahali pa kukaa msiba!

Hakuna aliyekaa. Watoto waliopanda juu ya viti walifukuzwa kwa fimbo. Mama Laure, jirani yetu mwenye mdomo, alimwambia mbele ya watu:

"Ingénieur, weye umeshajenga kilio. Sasa unangojea nani akufe?"

Watu wakacheka. Placide naye akacheka, lakini alikunja karatasi zake haraka.

Baadaye ikasemwa kwamba viti vitang'olewa, pajengwe depo ya bia.

Sasa nirudi nyumbani kwetu.

Yaya yangu Ricky, yaani kaka yangu mkubwa, alikwenda kuchimba madini upande wa Kakanda. Shimo likaanguka. Wenzake waliotoka walisema yeye alikuwa chini kabisa. Hawakumtoa. Hakuna mwili, hakuna kaburi.

Kanisani kwetu pasta akasema ameona katika maombi: "Ricky iko muzima. Atakayemulilia hana imani."

Basi hatukulia.

Mvua zikaja, zikaisha. Mama akaendelea kumwekea Ricky sahani ya bukari, ugali wetu, anaifunika vizuri. Asubuhi mimi naipeleka kwa bata. Mama akaacha soko. Akakonda mpaka pete ikawa inaanguka ndani ya sufuria.

Majirani waliomwita Mama Ricky miaka yote wakaanza kumwita Mama Bénie, kwa jina langu, ili wasiguse lile lingine.

Wakiniuliza habari za yaya, nilijibu, "Iko anakuya." Sikuamini hata mara moja.

Lakini nani angesema? Kwa ukoo wa mama, mwanamke hatangazi kifo cha mtoto wake kwa kinywa chake. Mwingine anasema, yeye analia. Na nyumbani kwetu mwingine alikuwa mimi tu.

Siku ya kung'oa viti ilifika. Natoka kuteka maji, naona tawi bichi limelazwa barabarani.

Kwetu tawi barabarani ni msiba. Unapunguza mwendo, unasimama.

Nikatazama uwanjani.

Mama yangu alikuwa ameketi chini kando ya kiti, miguu ameinyoosha, kitenge amekifunga kiunoni. Wanawake wamemzunguka, nao wamenyoosha miguu. Wanaume wako kwenye viti, kofia mkononi.

Wafanyakazi walisimama pembeni na nyundo zao. Utang'oaje kiti chini ya mtu mwenye msiba?

Placide akasogea, akainama.

"Ba mama, pole sana. Ni nani alikufa?"

Mama Laure akamtazama jirani yake. "Minye nilikuta batu bamekaa, na minye nikakaa."

"Minye pia! Nilikuona weye."

"Donc, basi hakuna mufu?"

Mtu mmoja akacheka puani. Mwingine akaanza kufungua kitenge chake ainuke. "Pengine anapumuzika tu, maskini. Mama Bénie, uko na nini?"

Mama aliniangalia mimi.

Wote wakageuka. Mimi na ndoo yangu kichwani.

"Sema basi, mutoto! Ni nani alikufa?"

"Huyu hasemaka, mumuache."

Niliona mambo mawili. Nikisema hakuna kitu, watainuka wakicheka, viti vitavunjwa, na mama atarudi nyumbani kufunika sahani. Nikitaja jina, namzika yaya yangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nikashusha ndoo.

"Ricky," nikasema. "Yaya Ricky. Alikufa kule Kakanda."

Sauti ilikuwa ndogo sana. Mama Laure ndiye aliyeipokea na kuipaza:

"Mama Ricky, weeee!"

Hapo mama akalia. Alianguka kwa ubavu, na kile alichokishika mwaka mzima kikatoka. Wafanyakazi waliweka nyundo chini. Placide mwenyewe akatafuta makala, akawasha ule moto wake kwa mara ya kwanza.

Msidhani mambo yote yamekuwa mazuri. Kanisani hatusalimiwi tena. Na mpaka leo, mlango ukigongwa, nashtuka. Je, akiwa ni yeye?

Lakini kuna jambo moja nililikuta nyumbani baada ya kilio.

Mpera wetu, ndani ya ukuta wetu, ulikuwa umevunjwa tawi. Kidonda cha mti bado kibichi.

Nikamfuata mama. Alikuwa anachambua mboga ya lengalenga.

"Mama, lile tawi… ni weye uliliweka?"

"Ni nani mwingine?" Hakuinua macho. "Nilikaa pale tangu asubuhi nikikungojea. Weye na haya yako! Ndoo moja ya maji, unakawia kama ulienda kuiteka kule kwa bwawa la Koni."

Sahani ya Ricky ilikuwa imeoshwa. Ilikuwa imegeuzwa juu ya meza.

Viti bado vipo. Wazee wanasukuma kete za dame pale. Mama Laure huja na mwanamke mwingine ambaye mume wake alibaki kwenye shimo lile lile, nao wanakaa chini na mama, wanaongea, siku nyingine wanacheka.

Nilichojifunza ni hiki. Hata ujenge viti vizuri namna gani, watu hawatakutana mpaka mmoja aseme kilichompata. Na kama wewe ndiye wa kusema, usikawie njiani na ndoo yako.

Kuna mtu ameketi chini, anakungoja.